Landrova Iliyokwenda Buguruni kwa Gia ya Nyuma

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako sina haja ya kuiuliza, naiona kutoka hapa dirishani. Uko chini barabarani mbele ya duka la vyuma la Bwana Kanti, umelala chali chini ya Landrova unapaka grisi, na umeninunia. Chai ya asubuhi umeinywa umesimama, kisha ukaniaga "nashuka" kama mpangaji anayedaiwa.

Sababu tunaijua sote wawili. Kesho unakwenda Masasi kuanza maisha yako, na gari letu kuanzia kesho ni lako. Mimi nimesema kaka yangu, Mjomba wako Bakari, apande na wewe, akae kiti cha pembeni njia nzima, na mkifika abaki nawe huko mpaka aridhike. Ukanijibu, "Mama, kama Mjomba anapanda, basi aendeshe yeye. Mimi nitapanda basi." Niliyokujibu mimi sitayaandika hapa, na hakuna haja, kwa kuwa ghorofa nzima ya Mchafukoge imeyasikia.

Naandika kwa sababu tukikaa kusema tunagombana. Mdomo wangu unaujua. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na nani wa kumsalimia kwanza ukifika nimekwishakwambia mpaka ukaziba masikio, sizirudii. Nataka kukusimulia safari mbili za gari hili. Moja huijui, kwa sababu niliificha. Ya pili unaijua vizuri kuliko mimi, lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Aliniachia wewe na Landrova aliyoinunua kwenye mnada wa magari chakavu, rangi imebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Watu walinishauri niiuze. Ilikuwa ndiyo kwanza ruksa ya kuingiza bidhaa imeanza, sabuni na vitenge vimerudi madukani baada ya miaka ya kupanga foleni, na wanawake wenzangu wa Kariakoo walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapelekea mizigo Lindi, kwani barabara ile wenye malori mazuri walikuwa hawaitaki. Nikasema sitaiuza, nitaiendesha. Wakacheka. Wakati huo hata baiskeli nilikuwa sijui.

Bakari ndiye aliyenifundisha, pale viwanja vya Jangwani, na namshukuru kwa hilo hadi leo. Safari yangu ya kwanza ya kusini akasema siendi peke yangu, nikaona ni mapenzi, nikakubali. Basi mwanangu, tangu tumetoka Mbagala mpaka tunaingia Lindi, mtu yule hakufunga mdomo. "Badilisha! Punguza! Kanyaga! Siyo huko, huku!" Kwenye mchanga baada ya kivuko cha Ndundu alikuwa anakanyaga breki za hewani upande wake, mguu unagonga bati mpaka nikadhani kuna kitu kimelegea kwenye injini. Nikiona shimo, yeye ameshaniambia kuna shimo. Nikitaka kubadilisha gia, ameshasema badilisha. Tukafika. Wale kina mama waliokuwa wanasubiri mizigo yao wakapiga vigelegele, wakaja kunipongeza, mwanamke kaendesha kutoka Bongo. Unajua nani aliyejibu? Bakari. Alisema, "Ahsanteni, ahsanteni, njia ilikuwa mbaya kidogo."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaogopa, na mwoga akikaa pembeni anaona kila jiwe linamjia yeye. Lakini usiku ule nilijiuliza kama kweli mimi ndiye niliyeendesha. Nilikuwa nimeshika usukani njia nzima na gari lilikuwa la mtu mwingine. Iliniuma sana. Ndipo safari ya pili nikafanya lile ambalo sijawahi kukwambia: niliondoka Ijumaa mchana, yeye yuko msikitini. Nilimwachia ujumbe kwa shangazi yako kwamba mizigo ilikuwa na haraka. Hakukuwa na haraka yoyote. Nilikwama mara mbili kwenye tope la Muhoro, nikalia, nikajikaza kisabuni, nikachimba, nikatoka. Nilipofika Lindi nilijibu mwenyewe.

Sasa ile safari nyingine.

Ile injini ya zamani ya petroli ilinilea vizuri, lakini mwishoni ilikuwa imechoka kabisa. Kupanda kutoka Mbwemkuru ilibidi abiria washuke watembee, na wengine walikuwa wanafika juu kabla yangu. Wewe ulikuwa umemaliza chuo cha ufundi, unashinda gereji ya Fundi Hamisi kule Gerezani, unarudi nyumbani na kucha nyeusi. Wakati ule bandarini zilikuwa zinashushwa injini za Kijapani zilizotumika, zimefungwa kwa mbao, na kila mtu mjini amekuwa mjuzi wa Ujapani. Tukaamua kuipa Landrova moyo mpya: injini ya dizeli ya silinda sita. Fundi Hamisi akaizunguka, akajikuna kidevu kana kwamba anakagua ng'ombe wa mahari, akasema, "Mama Somoe, hii ukiitia kwenye ekseli za zamani, shafti zitakatika kama miwa. Nunua na ekseli zake."

Nikaenda nawe Buguruni kwa yule Mpemba muuza vipuri. Ekseli zilikuwa nzuri, nzito, hazina kutu. Mpemba akasema, "Bibi, chukua na giaboksi yake. Vitu hivi vimetoka gari moja, usivitenganishe." Na wewe ukadakia, "Mama, anasema kweli." Nikakugeukia mbele ya watu. "Wewe umeanza lini kumsaidia muuzaji?" Mpemba nikamwambia giaboksi yetu nzima, asitake kunibebesha takataka zake. Tukatoka pale nimevimba kichwa, nimejiona mjanja wa mjini. Wewe ulinyamaza njia nzima, na mimi nikadhani umekubali. Kumbe ulikuwa unafanya mahesabu.

Maana tulipoanza kufunga, kasoro ikajionyesha yenyewe. Ekseli ya nyuma ina ile nundu yake, difu, na ya kwetu mpya ilikuwa na nundu kushoto. Giaboksi yetu ya zamani inatoa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, upande wa kulia. Havikutani. Hamisi akafuta jasho akasema hakuna njia ila kurudi kwa Mpemba. Mimi nirudi kwa Mpemba? Nilisimama pale gerejini, nikaitazama ekseli ile imelala kwenye magogo, nikapata wazo. Nikasema, "Igeuzeni chini juu. Nundu itahamia kulia."

Wakaigeuza. Ikahamia kulia kweli. Propela ikaingia kama ilizaliwa pale. Hamisi akasema, "Mama Somoe, mimi sijawahi kufanya hivi." Nikamjibu, "Hujawahi kwa sababu hujaniuliza." Wewe ulikuwa umechuchumaa, unakishika kile kitundu cha kupumulia ambacho kilitakiwa kiwe juu na sasa kinatazama chini. Ukasema taratibu, "Mama, mbona kama hii itazungusha..." Sikukuacha umalize. Nilikuwa nimeshajisifu, na mtu akishajisifu masikio yanaziba. Wakachomelea upya viti vya springi, pale springi zinapokalia ekseli, wakamaliza.

Jumamosi ile unaikumbuka. Niliwaalika wanawake wote wanaonipa mizigo, nami nimevaa kitenge kipya. Gerezani nzima ikasimamisha nyundo. Bwana Kanti alifunga duka, akaja na kamera, taji la maua ya manjano, nazi, na malimau manne. Kwao Wahindu gari likipata injini mpya ni kama limezaliwa upya, lazima lisomewe. Nikamwambia, "Bwana Kanti, sisi Waislamu." Akasema, "Mama Somoe, limau halina dini." Akavunja nazi, akavisha taji, akaweka limau moja mbele ya kila gurudumu ili gari likianza kwenda liyakanyage, mabaya yote yaishie hapo.

Nikawasha. Mlio ule! Mzito, umetulia, mpaka nikasikia machozi. Bwana Kanti akasimama nyuma ya gari na kamera, maana alitaka kupiga picha ya gari likiondoka na watu wote wakipunga. Nikaingiza namba moja, nikaachia klachi kwa madaha, na gari likarudi nyuma.

Nikadhani nimekosea gia. Nikakanyaga klachi, nikahakikisha, namba moja. Likarudi tena. Nikaingiza namba mbili, likarudi kwa kasi zaidi, likapindua mkokoteni wa ndoo za plastiki, na Bwana Kanti akakimbia na kamera yake. Ndoo zilibiringika mpaka barabarani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Bi mkubwa, Lindi iko huku!" Kicheko kilichofuata nadhani walikisikia Upanga. Nikajaribu gia ya nyuma, basi gari likaenda mbele kwa adabu. Ile ekseli tulipoigeuza iligeuza na mzunguko wa magurudumu. Nilikuwa nimetengeneza gari pekee Dar es Salaam lenye gia nne za kurudi na moja ya kwenda.

Nilishuka. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilitaka kuingia chini ya gari nilale huko mpaka watu watawanyike. Malimau ya Bwana Kanti yalikuwa pale pale chini, mazima, gari limeyakimbia.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, Somoe, kwa sababu sijawahi kukwambia kilichonipata siku ile. Ulikuja ukashika mlango. Nilingoja useme "nilikwambia." Nilikuwa na jibu lake tayari, tena kali. Wewe ukasema, "Mama, panda. Giaboksi iko Buguruni, tunaenda sasa hivi." Nikauliza tutakwendaje. Ukasema, "Si ina gia moja ya kwenda?"

Ukakaa kwenye usukani. Mimi nikapanda pembeni, mara yangu ya kwanza kukaa kiti kile. Ukaingiza gia ya nyuma na tukatoka Gerezani kwenda mbele, injini inapiga kelele za ajabu, mwendo wa mzee wa fimbo, taji la maua linaning'inia kwenye boneti. Barabara ya Uhuru nzima ilitutazama. Madereva walipiga honi, watu walitoka madukani. "Vipi dada, gari linaumwa?" alikuuliza mmoja. Ukamjibu, "Poa tu, linajifunza kutembea." Wazee waliokaa barazani uliwaamkia shikamoo kupitia dirishani, wakaitika marahaba huku wanashangaa. Ulikuwa hutoki jasho. Ulisimama taratibu, ulikata kona taratibu, na kila ulipotaka kusimama ulijua mapema, kwa sababu kurudi nyuma ilikuwa rahisi mno na kwenda mbele kulikuwa na gia moja tu.

Nami pembeni sikusema neno. Gari lile nilikuwa silijui tena, wewe ndiye uliyelijua. Nilikutazama mkono ule uliourithi kwa baba yako kwenye usukani, kucha nyeusi, nikasahau aibu yangu yote. Watu walikuwa wanatucheka na mimi nilikuwa nimekaa pale nimejaa fahari, nataka kuwaambia kila mmoja wao, huyu wangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri.

Mpemba alikuwa nje ya duka lake. Alitusikia kabla hajatuona. Akatutazama tunavyokuja, akasikiliza gia, akaelewa yote. Akasema, "Bibi, nilijua utarudi. Sikujua utarudi na gia ya nyuma." Nikacheka, Somoe. Nilishuka nikamwomba radhi, na hilo pia lilikuwa jipya kwangu. Giaboksi ilikuwa bado ipo, aliitunza chini ya turubai. Alijua.

Mengine uliyafanya wewe. Ekseli mkairudisha ilivyotakiwa na viti vya springi mkavichomelea tena, giaboksi ikaingia na injini yake, propela ikanyooka upande wa kushoto bila kulazimishwa. Chasisi mlipoikata ili rejeta ipate nafasi, Hamisi alikuachia wewe upime. Na ile safari ya kwanza ya masika, tulipopanda Mbwemkuru abiria wote wamekaa ndani, mmoja akaanza kufungua mlango kwa mazoea na wewe ukamwambia, "Kaa, mama, leo hatushuki." Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi kwa nini nimemwita Bakari?

Nimejiuliza hivyo tangu jana. Nimesema ni njia, ni majambazi, ni watu watasema nini msichana peke yake. Yote yana ukweli kidogo. Lakini nimekaa hapa dirishani nakutazama unavyokaza nati moja moja, na nimekumbuka kona ile ya Msimbazi. Kila tukitoka nyumbani, wewe ukiendesha, mimi hapo konani hukwambia, "Badilisha." Kila safari. Wewe huwa umeshaweka mkono kwenye gia kabla sijasema. Miaka yote nimekuwa nakwambia ubadilishe gia ambayo tayari unaibadilisha. Nilimkimbia Bakari siku ya Ijumaa, kisha nikaja kukaa kwenye kiti chake.

Na sasa kwa kuwa mimi siwezi kwenda, biashara ya hapa haina wa kuishika, nilitaka nimweke yeye aniwakilishe. Naogopa, mwanangu. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Nyumba hii itakuwa na sahani moja mezani, na nilifikiri ukiwa na mtu wa kukwambia badilisha njia nzima, utakuwa hujaondoka sana.

Nilikosea kuhusu ekseli kwa sababu ilinyooka. Kitu kilichonifaa mimi kilikaa sawasawa machoni, nikadhani basi ni sahihi. Bakari kwenye kiti kile ni vilevile, ananikaa sawasawa mimi. Wewe ulichuchumaa ukaona kitundu kinatazama chini, nikakukatiza; safari hii umemkataa Bakari, nami nakuacha umalize.

Kule Masasi utakosea. Utanunua kitu ukidhani umemshinda muuzaji. Utamfokea mtu aliyekuwa anasema kweli. Siwezi kukuzuia, na nikikuzuia utajifunzia wapi? Ombi langu ni moja: siku gari likirudi nyuma mbele za watu, usishuke ukajificha. Tafuta gia inayokwenda mbele, hata kama ni moja na inapiga kelele, uende nayo mpaka kwa huyo uliyemdharau. Nimeona unavyoweza. Mimi nilikuwa abiria.

Mchana, wewe ukiwa chini ya gari, nilikwenda kwa Bakari. Nimemwambia haendi. Alikasirika, akasema, "Ukimwachia mtoto barabara ile peke yake, usije kunilaumu." Nikamwambia, "Kaka, sitakulaumu. Na mwaka ule, Ijumaa ile, hakukuwa na haraka yoyote." Kisha akasema, "Nilijua. Mzigo gani wa sabuni una haraka?" Amekutumia tochi yake kubwa, nimeiweka chini ya kiti. Kiti chenyewe usikijaze mizigo. Kiache wazi mpaka umpate mtu anayejua kunyamaza.

Naona umetoka chini ya gari, unajifuta mikono kwa lile gauni langu la zamani, unatazama juu huku dirishani. Najua unafikiri bado nimekasirika. Bwana Kanti amekwishanunua malimau, ameyapanga kwenye kaunta, na ameapa kwamba safari hii atasimama mbele na kamera yake.

Kesho asubuhi nitakuwa barazani kwake. Ingiza namba moja, litakwenda mbele, utasikia malimau yakipasuka. Usinitazame sana, tazama njia. Ukifika kona ya Msimbazi injini itaanza kuomba namba mbili. Mimi nitakuwa bado barazani kwa Bwana Kanti, nimesimama na mdomo nimeufumba.

Badilisha mwenyewe.

Mama yako